Pumzi ya Motokaa

Naomba nafasi katika gazeti letu nieleze jambo nililojifunza wakati wa likizo ya Desemba, nalo ni jinsi injini ya motokaa inavyovuta pumzi, na jinsi mtu awezavyo kuitengenezea bomba la kuvutia hewa baridi kwa vitu vya kununua dukani. Nitaeleza pia jinsi nilivyokaribia kuiua injini ya mjomba wangu. Nikiificha habari hiyo, wenzangu watakaoijaribu kazi hii watalipia kosa ambalo mimi nimekwisha kulifanya.

Mjomba akaa Magomeni, Dar es Salaam, naye ana Toyota Celica ya mwaka 1995. Ni gari la milango miwili, la chini, jekundu lililoanza kupauka, nalo limenizidi umri kwa miaka zaidi ya kumi. Mjomba alilitamani tangu alipokuwa mtoto, kwa kuwa Celica zilishinda mashindano ya Safari Rally huko Kenya mwaka 1984, 1985, 1986 na 1990, kisha zikashinda miaka minne mfululizo, tangu 1992 hata 1995. Ukimwuliza saa atakutajia na madereva. Lake si la mashindano, ni la kwendea kazini, lakini hilo usimwambie.

Gari lilipofika mikononi mwake lilikuwa limekwisha kuchezewa. Gari kama hili hutoka kiwandani na kisanduku cheusi cha plastiki, ndani yake mna chujio la hewa, ambalo mafundi huliita ea klina. Mwenye gari wa kwanza alikiondoa kisanduku hicho, akaweka chujio la wazi la mfano wa pia, likakaa peke yake ndani ya boneti, karibu na injini. Sauti yake ilikuwa kubwa. Mjomba akikanyaga mafuta watoto wa mtaa mzima hugeuka, naye huamini kwamba sauti ile ndiyo nguvu.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Injini ile ina silinda nne, na ujazo wake wote ni sentimita za ujazo 1,998, yaani karibu lita 2. Katika kila mizunguko miwili huvuta ujazo huo mara moja. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, huvuta mara 3,000, nazo ni lita 6,000 kwa dakika, au lita 100 kila sekunde, kama silinda zikijaa sawasawa. Ndoo ya kuogea hapa bwenini huchukua lita 20. Basi fikirini ndoo tano za hewa kila sekunde moja!

Lakini injini haishibi kwa lita. Ili petroli gramu 1 iungue vizuri huhitajika hewa gramu 14.7 hivi. Hapo ndipo joto linapoingia katika hesabu, kwa maana hewa ikipata moto hutanuka, na lita ile ile moja hubeba gramu chache zaidi. Tulisoma jambo hili Kidato cha Tatu katika kanuni ya Charles, na wengi wetu tulilikariri kwa ajili ya mtihani tu. Chukueni hewa ya Dar es Salaam wakati wa mchana, digrii 32 za sentigredi. Ongezeni 273, mpate 305. Chukueni na hewa ya ndani ya boneti gari likiwa katika foleni, digrii 65, mpate 338. Gawanyeni 305 kwa 338: jibu ni 0.90. Maana yake ni kwamba injini inayovuta hewa ya ndani ya boneti huikosa sehemu moja katika kumi ya chakula chake. Nguvu nayo hupungua, ingawa si kwa kiasi hicho kamili, kwa sababu hata hewa baridi hupata joto njiani kabla ya kufika kwenye silinda.

Nilipomweleza mjomba alicheka. "Mjomba," akaniambia, maana naye huniita hivyo hivyo, "vitabu vyako havijapata kuendesha gari."

Nikaona nimwonyeshe. Nilinunua Kariakoo kipima joto kidogo chenye waya mrefu, cha kupimia friji, nikaifunga ncha ya waya karibu na chujio, nikaupitisha waya pembeni mwa boneti mpaka dirishani. Tukaenda. Kwenye foleni ya jioni kipima joto kilionyesha digrii 66. Barabara ilipofunguka tukafika kilomita 60 kwa saa, joto likashuka hadi 47, wakati nje ilikuwa 32. Mjomba alikitazama kipima joto, akanitazama mimi, asiseme neno mpaka tulipofika nyumbani. Ndipo akatoa shilingi 40,000, akaniambia nitengeneze.

Vifaa nilivyonunua vilikuwa bomba la PVC la inchi 3, lile la maji machafu, viwiko viwili, mpira mnene wa kuungia, na vikaza mpira vinne vya bisibisi. Mtu atauliza, kwa nini inchi 3? Nilipiga hesabu. Lita 100 kila sekunde zikipita katika bomba la inchi 3, hewa hukimbia kwa mwendo wa mita 22 kwa sekunde, kama kilomita 80 kwa saa. Katika bomba la inchi 2 ingebidi ikimbie mita 49 kwa sekunde, na kadiri hewa ikimbiavyo ndivyo inavyosuguana na kuta za bomba na kuipa injini taabu ya kuvuta. Nilijihadhari pia na plastiki yenyewe, kwa sababu PVC huanza kulegea ikikaribia digrii 80, na bomba lililolegea hubanwa na mvuto wa injini kama mrija wa soda. Kwa hiyo karibu na injini niliweka mpira mnene, na PVC nikaianzia mbali.

Jambo moja dogo nusura nilisahau. Juu ya kifuniko cha injini hutoka mpira mwembamba, wa kutolea mvuke wa oili, nao huungwa katika bomba la hewa baada ya chujio. Mpira huo ukiachwa wazi, injini itavuta vumbi lisilochujwa. Nilitoboa tundu lake katika PVC, kisha nikaliosha bomba lote kwa sabuni na kulipangusa kwa kitambaa, kwa sababu unga wa plastiki uliobaki baada ya chujio hauna mahali pengine pa kwenda ila ndani ya silinda.

Nikaliteremsha bomba mpaka chini kabisa, nyuma ya bampa, na chujio nikaliweka mwishoni, ambako upepo wa barabarani hulipiga. Tulipopima, kwenye foleni joto lilikuwa digrii 41 badala ya 66, na mwendoni lilikuwa 35. Nilifurahi mno. Siku ile nilijiona mhandisi.

Siku ya nne mvua za vuli zilinyesha tangu saa nane mchana. Mimi na mjomba tulikuwa tukirudi nyumbani, na barabara moja ya ndani, upande wa kuelekea bonde la Msimbazi, ilikuwa imejaa maji. Daladala iliyotutangulia ilipita bila shida. Mjomba akaifuata polepole. Maji hayakufika hata katikati ya magurudumu, lakini chujio langu lilikuwa chini ya hapo, sentimita 20 tu kutoka ardhini. Injini ikakohoa mara mbili, ikazimika.

Mjomba alishika ufunguo ili aiwashe tena, na hapo nikapiga kelele, "Mjomba, usiwashe!" Sijui nilipata wapi ujasiri wa kumkemea mtu mzima. Nilikuwa nimekumbuka kwamba maji hayagandamizwi kama hewa. Kila silinda ya injini ile ni kama sentimita za ujazo 500. Tukichukua injini inayoigandamiza hewa mara 10, nafasi inayobaki juu ya pistoni inapofika kileleni ni sentimita za ujazo 55 tu, hazifiki vijiko vinne vya mezani. Maji yakizidi hapo, pistoni hupanda na kukuta kitu kisichokubali kusogea, na mkono wa pistoni hupinda au huvunjika. Mjomba aliuacha ufunguo. Tulishuka, tukasukuma gari katika mvua, maji yakitupiga magotini kila gari jingine lilipopita, na njia nzima hakunisemesha.

Fundi mmoja mzee wa mtaani kwetu, ambaye sote twamwita Babu, alikuja asubuhi. Tulimwamkia, akaitikia huku amekwisha kuinama. Alilifungua bomba, yakamwagika maji ya kujaza kikombe. Akachomoa plagi zote nne, akaniambia nizungushe injini taratibu kwa spana, kwa mkono, nisiguse ufunguo. Mikono ilinitetemeka. Injini ilizunguka bila kukwama, na katika tundu moja yalitoka matone machache tu ya maji. Maji yalikuwa yamekomea katika kiwiko. Babu alilitazama bomba langu kwa muda mrefu, akauliza, "Nani kalitengeneza hili?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Kazi safi. Umelipeleka kunywa, hukulipeleka kupumua."

Kisha akaniuliza kama nimepata kuona picha za zile Celica za Safari za miaka ya 1990. Mjomba alikuwa nayo moja ukutani! Tuliitazama upya. Kando ya kioo cha mbele pamepandishwa bomba la kuvutia hewa lifikalo karibu na paa, ili gari livuke mito na lisimeze vumbi la gari lililotangulia. Nimeiona picha hiyo tangu utotoni, na hata siku moja sikujiuliza bomba lile ni la nini.

Kazi ya pili niliifanya kwa siku mbili. Chujio lilirudi juu ndani ya boneti, lakini safari hii nilizungushia kisanduku cha bati la alumini nililokatiwa na mafundi wa Gerezani, na ukingo wake nikauvika ukanda wa mpira ili boneti ikifungwa joto la injini lisipenye. Katika kisanduku hicho nikaingiza kipande cha PVC kinachovuta hewa kutoka ndani ya madigadi, nyuma ya taa, sentimita 65 kutoka ardhini. Nilikuwa nimejiandaa kutoboa bodi. Nilipolisafisha tope mahali pale nikakuta tundu limekwisha kuwapo, duara safi, lenye ukingo uliokunjwa kwa mashine. Nilimwita Babu. Akanieleza kwamba ndipo lilipopita bomba la kiwandani, lile lililotupwa pamoja na kisanduku cheusi. Kumbe wale wahandisi wa Japani walikwisha kufikiri habari ya hewa baridi, ya maji na ya vumbi kabla sijazaliwa, na mimi nilizunguka hadi kwenye bampa, nikazamisha gari, ili nirudi penye tundu lao.

Vipimo vya bomba la pili vilikuwa digrii 44 katika foleni na 37 mwendoni. Si baridi kama lile la bampa, lakini digrii mbili za mwendoni mjomba alisema amezisamehe.

Mtapenda kujua kama gari lilipata nguvu. Jumapili moja alfajiri, barabara ikiwa tupu, mjomba aliongeza mwendo kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa katika gia ya tatu, nami nikapima kwa saa ya simu. Tulifanya mara tatu kwa chujio la wazi na mara tatu kwa kisanduku kipya. Wastani wa kwanza ulikuwa sekunde 6.3, na wa pili 6.0. Tofauti ni nukta tatu za sekunde, na kidole changu chenyewe huweza kukosea kwa kiasi hicho, kwa hiyo siwezi kuapa. Jambo lililo wazi zaidi ni kwamba kwenye foleni ya mchana gari haliwi zito tena mtu anapotaka kuondoka kwa haraka. Mvuto wa kweli huonekana mafuta yakikanyagwa hadi mwisho. Mtu anayekwenda polepole hatapata kitu, kwa kuwa mlango wa hewa hufunguka kidogo tu na injini haiombi zaidi.

Mjomba aliporudi katika safari ile aliinua boneti, akasikiliza, uso ukamwanguka kidogo.

"Mbona limenyamaza?" akauliza.

Nilimwambia kwamba kelele ile ilitokana na chujio kuwa wazi, na kisanduku kimeizima. Alifikiri kidogo, akaniuliza kama kifuniko cha kisanduku kinaweza kutolewa siku za Jumamosi.

Shilingi 40,000 hazikutosha. Bati la alumini nililipia kwa fedha zangu za nauli, na mama ameniambia kwamba nitazifanyia kazi likizo ijayo. Lile bomba la kwanza bibi alilichukua. Amelifunga chini ya mfereji wa paa, pamoja na viwiko vyake viwili, nalo hujaza pipa lake la maji kila mvua inyeshapo.