Poda isingoje diploma

Wamama, matokeo ya Mtihani wa Serikali yakitoka, nani hapa Kisangani asiyejua? Kutoka Mangobo mpaka Lubunga vijana wanamwagiwa poda mpaka wanafanana na mikate inayongoja tanuru. Hata jirani tunayemdai anakuja kutukumbatia.

Tatizo ni hesabu. Kutoka darasa la kwanza mpaka mtihani ule ni miaka 12. Miaka 12 mtoto anangoja poda moja! Katikati anasikia nini? “Kichwa ngumu wewe.” “Tazama mtoto wa shangazi yako.” Darasani ninawajua watoto hao. Nikiuliza swali wanatazama viatu. Mara nyingi jibu wanalijua, lakini nyumbani kukosea kumekwisha kuwagharimu sana.

Basi kopo dogo la poda likae karibu na chungu. Mdogo amefunga vifungo vya shati mwenyewe, hata kama kimoja kimepotea njia: mpake kidole kimoja pajini. (Mpake tu, msirushe hewani, vumbi la poda linadhuru mapafu ya mtoto mchanga.) Mkubwa amechota maji bila kusukumwa: poda. Lakini sema ni ya nini: “Umerudia hesabu mara tatu mpaka ikatoka.” Usiishie kusema “una akili”.

Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walitoa uchunguzi juu ya jambo hilo. Watoto walitatua mafumbo, kisha wengine wakasifiwa kwa akili, wengine kwa bidii. Baada ya kukutana na mafumbo magumu, waliosifiwa akili walipoteza hamu, na waliporudia mepesi walifanya vibaya kuliko mwanzo. Tena, walipoambiwa waandike pointi zao, wengi zaidi kati yao walidanganya. Aliyepewa jina la mwenye akili anaogopa kunyang’anywa. Ndio hao siku ya proklamasio wanaokunja buletini mpaka inaenea ndani ya soksi.

Kwa hiyo tufanye proklamasio yetu jikoni, Jumamosi jioni, sombe ikichemka. Mtoto mmoja awe mkurugenzi, ajifunge kitenge mabegani, asome kwa sauti nzito: “Papa: kutafuta ufunguo, 90 kwa 100, kukumbuka alipouweka, 10.” “Mama: lituma, pointi zote. Kufoka siku ya Jumanne bila sababu: arudie somo.” Wewe cheka, kisha uahidi kurudia somo. Mtoto ataona kwamba mkubwa naye anapata pointi mbaya na bado anapewa chakula.

Mchezo huu una sheria moja, na kwayo mimi ni mkali: hakuna pointi za mwili, za rangi wala za kigugumizi. Mtoto anayechekwa kwa namna anavyosema atanyamaza, na kwangu darasani atanyamaza vilevile.

Mama unayeuza sokoni, mpe mtoto wa miaka tisa kazi ya kuhesabu franka za kumrudishia mteja, nawe uangalie kwa pembeni. Usimnyang’anye noti mkononi akikwama. Akikosea: “Hesabu tena, mteja bado yuko.” Na mteja akinung’unika kwamba anacheleweshwa, mfungulie kopo, uvumilivu wake nao unastahili kidole kimoja pajini.