Habari za malafu ya msimu huu, na swali la zabibu

Mwezi huu wa nane, rafiki mmoja niliyesoma naye agronomia hapa Kisangani, ambaye sasa anatafuta maisha Tanzania, amenitumia picha ya zabibu za Dodoma. Vichala vyeusi, vizito, vimejaa kwenye makreti hadi juu. Chini ameandika: "Wenzetu wako kwenye mavuno. Na ninyi familia ya pombe, mbona hamujapanda hii kitu?" Nilianza kumjibu kwa simu, jibu likawa refu, nikajiambia afadhali niliweke hapa, maana ni swali ambalo wengi wenu mnaniuliza tangu nipate licence.

Kweli, sisi ni familia ya pombe, sioni haya kusema. Baba ni mgema. Shamba letu la mingazi liko upande wa barabara ya Buta, na malafu yake ndiyo yaliyolipa minervali yangu miaka yote mitano. Kila asubuhi bido za njano zinafungwa kwenye baiskeli, zinashuka mjini, na kufikia saa nne watu wa Mangobo wamekwisha kaa, kikombe mkononi. Wazungu wana nyumba za divai zenye mapipa chini ya ardhi. Yetu ni kibanda cha majani, mapanga mawili na bido.

Tuanze na zabibu. Mzabibu ni mti wa nchi zenye majira ya baridi. Kule Ufaransa baridi ikiingia unapukutisha majani, unalala. Joto likirudi, macho yake yote yanafunguka karibu siku zilezile, maua yanatoka pamoja, vichala vinaiva pamoja, na mwezi wa tisa watu wanakata kila kitu kwa wiki chache. Usingizi ule ndio unaopanga kazi ya mwaka mzima. Ukiupeleka mahali pasipo baridi, mzabibu haujui tena ulale lini. Unakua tu kama mtambaa wa porini: jicho la mwisho wa tawi linachukua chakula chote, mengine yananyamaza, na huku kuna ua, kule kuna kichala kilichooza, hakuna mavuno ya kueleweka.

Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo, lakini mkulima amechukua kazi yake, kwa mkasi. Anapogoa mzabibu mzima siku moja, macho yaliyolala yanaamka kwa pamoja, na baada ya miezi minne hivi anavuna. Ndiyo sababu wao wanavuna mara mbili kwa mwaka, mara moja kwenye mwezi wa pili na wa tatu, mara nyingine kwenye mwezi wa nane na wa tisa. Zabibu zililetwa kule na wamisionari Wakatoliki wa Bihawana. Leo kuna kituo cha utafiti Makutupora, na kuna hata aina nyekundu inayoitwa kwa jina la mahali hapo, pamoja na Chenin Blanc na Syrah za wageni.

Lakini mkasi peke yake hautoshi. Dodoma inapata mvua kidogo sana, kama milimita 570 kwa mwaka, karibu zote kati ya mwezi wa kumi na mbili na wa nne. Tena mji uko juu, zaidi ya mita 1,100. Sasa tazama sisi: tuko nusu digrii tu kaskazini ya ikweta, kwenye mita 400 hivi, na tunapata mvua zaidi ya milimita 1,700. Sisi tunaita "kiangazi" miezi ya kumi na mbili hadi ya pili, tena ya sita na ya saba, lakini ni heshima tu tunaipa: hata ndani ya miezi hiyo mvua inanyesha. Jani la mzabibu likikaa majimaji usiku kucha, ukungu unaingia. Dawa ya ukungu inajulikana tangu mwaka 1885, ni ile "bouillie bordelaise", salfati ya shaba na chokaa, ambayo Millardet alieleza kule Bordeaux. Inafanya kazi kwa kukaa juu ya jani. Huku kwetu unapiga asubuhi, saa tisa mvua imekwisha kuisafisha, na wewe umebaki na deni la dawa.

Hata mimi nilijaribu. Nilipata kipande cha mzabibu, nikakipanda nyuma ya nyumba, nikakijengea na kichanja. Mwaka wa kwanza majani mazuri, majirani wanakuja kutazama. Mwaka wa pili madoa. Mwaka wa tatu mama akafunga kamba ya nguo kwenye kichanja changu, sikuwa na neno la kumjibu.

Basi rafiki yangu, zabibu nimekujibu. Malafu sasa.

Divai yoyote ni sukari ambayo hamira imekula ikaacha alkoholi na gesi. Hesabu ambayo wengi mnaikumbuka: gramu 17 hivi za sukari ndani ya lita moja zinatoa digrii moja. Zabibu iliyoiva vizuri ina kama gramu 200 kwa lita, kwa hiyo divai inafika digrii 12. Maji ya mngazi yana gramu 100 hadi 120, kwa hiyo kwenye karatasi ni digrii 6 au 7. Kwa kweli malafu tunayokunywa yako kwenye 4 au 5, kwa sababu mbili: bakteria wanakula sehemu yao, na wateja hawangoji hamira imalize kazi.

Tofauti kubwa iko kwenye wakati. Mwenye zabibu anavuna, anakamua, anachagua hamira, anafunga pipa, anangoja hata miaka. Sisi hamira haituombi ruhusa. Iko hewani, iko kwenye panga, iko kwenye kibuyu cha jana. Tone la kwanza likigusa chombo, kazi imeanza. Asubuhi malafu ni matamu, ya watoto na wanawake waliotoka kuzaa. Mchana yana nguvu. Kesho yake yanakaza uso. Siku ya tatu ni siki, unaweza kutilia samaki. Kwa hiyo sisi hatuna mavuno ya mwaka, tuna mavuno ya kila siku, na usipouza leo umepoteza leo. Nilipokuwa mwaka wa kwanza nilidhani nina akili kuliko baba, nikafunga bido moja kabisa, kifuniko chuma, ili yasichache njiani. Gesi haikuwa na pa kutokea. Ililipuka kwenye baiskeli ya watu, karibu na daraja la Tshopo, na mimi ndiye niliyelipa suruali ya mwenye baiskeli. Baba anaweka kizibo cha majani, gesi inapumua. Ukitaka kuyatia ndani ya chupa lazima uyapashe moto kwanza ili hamira ife, kama wanavyofanya Nigeria. Tutaongea siku nyingine.

Sasa habari yenyewe ya msimu huu, nayo haikuwa rahisi nyumbani.

Kuna njia mbili za kupata malafu kwenye mngazi. Ya kwanza ni kuuangusha. Unaulaza siku chache, unachimba dirisha dogo karibu na moyo, unapitisha moto kidogo, unakwangua asubuhi na jioni, maji yanatoka wiki nne au tano, kisha mti umekwisha. Ya pili ni kupanda juu mti ukiwa umesimama, unakata ncha ya ua la kiume kabla halijafunguka, unafunga chombo, na kila siku mara mbili unakata tena kipande chembamba kama karatasi. Mti unaendelea kuishi.

Mwanzo wa mwezi huu baba alitia alama kwenye mingazi kumi na miwili, yote kando ya njia, ili aiangushe. Mdogo wangu wa kike anaingia mwaka wa sita, kuna malipo ya shule, kuna mtihani wa serikali. Nikamwambia, baba, hapana. Akanitazama. "Weye njo mwenye licence. Haya, utueleze."

Nikaleta daftari. Mwaka jana niliandika lita zote. Mti ulioangushwa ulitupa bido tatu za lita 20, zimekwisha. Ua moja la kiume kwenye mti uliosimama lilitoa kama lita moja kwa siku, wiki tatu, na mti mmoja ulinipa maua matatu kwa mwaka. Ni lita 60 na kitu, sawa na ule uliokufa, na huu bado uko pale na ngazi za kukamua mawese. Mngazi hutoa maua ya kiume na ya kike kwa zamu, kwenye mti uleule. Ukigema la kiume hujagusa mkungu hata mmoja. Tena jinsia ya ua inaamuliwa karibu miaka miwili kabla halijafunguka. Mti ukipata shida wakati huo, jua kali, kivuli, au mtu amekata majani kupita kiasi, baadaye unaleta maua mengi ya kiume. Mwaka huu sisi tunayo mengi. Nadhani ni sababu ya majani ambayo sisi wenyewe tulikata ovyo kufunika kibanda.

Baba alisikiliza yote. Kisha akasema neno moja: "Muti yenye imelala haiangushake muntu."

Nikanyamaza. Baba mdogo alianguka kutoka mngazi mwaka 2016, hadi leo anatembea na fimbo. Baba mwenyewe amepita miaka sitini. Vijana wa kijiji hawapandi tena, wanaendesha moto mjini. Kwenye kozi zetu tulihesabu lita, hekta, kilo za mbolea, lakini sikumbuki mahali tulipohesabu mgongo wa mtu anayepanda. Daftari langu lilikuwa na haki, na baba alikuwa na haki.

Kilichotusaidia kilitoka Yangambi. Wengi mnajua kituo kile, kama kilomita 100 chini ya mto, INEAC ya mwaka 1933 ambayo leo ni INERA. Pale ndipo Beirnaert na Vanderweyen walipotoa, mwaka 1941, siri ya ganda la ngazi: dura ina ganda nene, pisifera haina ganda, na ukizioanisha unapata tenera, ganda jembamba na nyama nyingi ya mafuta. Mashamba makubwa ya Malesia na Indonesia yamesimama juu ya kazi ile. Sehemu ambayo watu wanasahau ni hii: ukiokota ngazi chini ya tenera zilizozungukwa na tenera ukazipanda, hupati tenera tupu. Karibu robo inarudi dura, nusu ni tenera, na robo ni pisifera, ambayo mara nyingi mikungu yake inaoza kabla ya kuiva.

Na baba alipanda ngazi za kuokota. Ndiyo sababu tangu utoto wetu kuna miti shambani anayoiita "tasa": minene, mizuri, majani kama ya kifalme, haijawahi kujaza hata kikapu. Alidhani ni mkono wa mtu. Tulizunguka shamba siku nzima tukiangalia mikungu iliyooza, tukapata tasa mitatu, na miwili mingine mirefu mno ambayo hakuna mtu anayeifikia kwa ndoano. Hiyo mitano iko mbali na njia, bido zinabebwa kichwani, lakini kuiangusha hakutuondolei tone la mawese. Alama za kando ya njia tulizifuta kwa panga. Zile kumi na mbili, sita zilikuwa tenera nzuri kabisa.

Hata hivyo mitano haifiki bei ya kumi na miwili. Baba akakubali kwa sharti: saba inayobaki igemwe imesimama, na mwenye licence ndiye atakayepanda. Akanifundisha kufunga mshipi wa mtambaa, wapi pa kuweka mguu, na kutopanda kamwe shina likiwa na maji.

Tasa zimelala tangu wiki mbili, zinatoa vizuri, malipo ya shule yameingia nusu. Mimi nina miti minne juu, bado mitatu. Mvua imerudi mapema. Juzi maji yaliingia kwenye kibuyu, wateja wa Mangobo wakaonja, wakasema mwanafunzi ametia maji. Nimefunga vikofia vya majani juu ya vyombo. Kesho saa kumi na moja, shina likiwa limekauka, nitajua kama vimeshika.