Mtego wa Abingdon na Panya wa Morogoro

Juma lililopita, langoni pa shule ya wanangu, mzazi mwenzangu mmoja aliniuliza kwa sauti ya masikitiko kama ni kweli kwamba baba yangu hutega wanyama, kwa kuwa binti yangu, mwenye umri wa miaka tisa na ulimi usiojua kupumzika, alikuwa amewahadithia wenziwe darasani jinsi babu yake wa Mgeta, Morogoro, alivyomnasa ndezi aliyekuwa akimmalizia mahindi. Nikajibu kwamba ni kweli. Yule bibi akanishika mkono, akaniambia anashukuru kuona watoto wangu wanalelewa katika nchi ambayo ukatili wa namna hiyo ulikwisha zamani. Sikupata jawabu papo hapo, na tangu siku ile maneno yake yamenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Ndiyo sababu usiku huu, baada ya zamu, nimeketi kueleza asili ya mitego ya hawa wenyeji wetu wa Uingereza, pamoja na habari ya mtego mmoja uliokoma kutengenezwa kisha ukahuishwa, ili insafu itendeke kwa mzee wangu ambaye hayupo hapa kujitetea.

Sisi tunakaa Wednesfield, kando ya Wolverhampton, na katika Uingereza nzima ni shida kupata mji ambao ungepaswa kunyamaza zaidi pindi habari za mitego zitajwapo. Mafundi wa hapa, wengine katika viwanda kama kile cha Henry Lane kilichoitwa Eagle Works, na wengine katika vibanda vya uani nyuma ya nyumba zao, walifua mitego ya chuma yenye taya mbili na springi, ambayo aghalabu taya zake zilichongwa meno ili mguu wa mnyama usichomoke. Wakaiuza kwa wenye mashamba wa nchi yao wenyewe, na shehena nyingine ikavuka bahari kwenda makoloni. Sungura aliyenaswa usiku alikaa na mfupa uliovunjika hadi mwenye mtego alipoamka, akanywa chai yake, akaja. Bunge lao lilipitisha sheria ya kuupiga marufuku mtego huo mwaka 1954, lakini likawapa watu muhula hadi tarehe 31 Julai 1958 ndipo marufuku ikaanza. Tanganyika ilipata uhuru miaka mitatu tu baadaye. Huo ndio uzamani anaousema yule bibi: baba yangu alikuwa tayari kijana wa kuchunga mbuzi.

Na tangu hapo mambo yao hayakunyooka, bali yamezidi kupindana, hata mtu wa kwetu aliyezoea kwamba mharibifu wa shamba ni mharibifu tu, hushikwa na bumbuazi. Hapa kila mnyama ana sheria yake na kila sheria ina mtego wake. Mtego wa kubana panya wa nyumbani, ule wa kibao na waya, waweza kuununua dukani pamoja na mkate, wala hakuna atakayekuuliza neno. Lakini kirukanjia, kiumbe kisichozidi kidole gumba kwa ukubwa, amelindwa na sheria ya mwaka 1981, hata huwezi kumtega, ijapokuwa kwa nia ya kumtazama na kumwachia, pasipo idhini. Mtego wa chuma uitwao Fenn, uliotumika miaka mingi kumwua mnyama mmoja jamii ya kicheche, ulikatazwa kwa mnyama huyo tangu tarehe 1 Aprili 2020, kwa hoja kwamba haumwui upesi ipasavyo, ilhali kwa panya na kindi mtego ule ule umeachwa halali. Gundi ya panya nayo imezuiliwa hapa England tangu tarehe 31 Julai 2024, isipokuwa kwa mwenye leseni.

Lakini lililoiliza nyumba nzima ni la kindi wa kijivu. Mwaka jana kindi aliingia darini kwetu, akatafuna mbao na nyaya, nasi tukamwita mtaalamu aliyemnasa kwa kizimba, mzima, asiye na jeraha hata moja. Wanangu walikuwa wamekwisha kumchagulia mti wa kuachiwa, katika bustani ya umma nyuma ya nyumba yetu. Yule mtaalamu akanieleza kwa upole kwamba kindi wa kijivu ni mgeni aliyeletwa kutoka Marekani, na kwamba sheria inakataza mgeni huyo akishanaswa kuachiliwa tena. Hana budi kuuawa. Mwanangu mdogo, mwenye miaka sita, alilia hata akapatwa na homa, na usiku akaniuliza kama sisi nasi tuliletwa. Nilimwambia kwamba sisi tulikuja wenyewe, kwa ndege, tena kwa mkataba wa kazi. Mimi mwenyewe sikulala.

Sasa nirejee kwenye mtego niliokusudia. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, na jina Penlon nililijua kwanza kwenye mashine za kuwalaza wagonjwa usingizi, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya kampuni hiyo ya Abingdon, karibu na Oxford, na katika janga la korona la mwaka 2020 ikatengeneza mashine za kupumulia. Zamani kampuni hiyo iliitwa Longworth, nayo, pamoja na vifaa vya hospitali, ilikuwa ikitengeneza kisanduku cha aluminiamu cha kunasia panya wa porini, kilichobuniwa na wanazuoni wawili wa Oxford, Chitty na Kempson, ambao walikitangaza mwaka 1949. Kina sehemu mbili: njia nyembamba yenye mlango, na chumba nyuma yake. Panya hupita njiani, hugusa waya ulio mwishoni, mlango ukaanguka nyuma yake. Naye akaingia chumbani, ambamo amekwisha kuwekewa nyasi kavu na chakula, akala, akalala kwa joto hadi alfajiri. Hekima yao nyingine ilikuwa kuuacha mlango umefungwa wazi kwa siku kadhaa, mnyama aingie na kutoka apendavyo, aizoee nyumba kabla mtego haujatiwa ukali. Baba yangu hufanya vivyo hivyo kwa ndezi, wala hakusoma Oxford.

Kisanduku hicho kilidumu kwa miongo mingi, kisha kampuni ikaacha kukitengeneza, na baadaye kazi hiyo ikafufuliwa na mikono mingine. Mtu aweza kuuliza kwa nini wasibuni kipya, maadamu plastiki ni rahisi na visanduku vya plastiki vipo. Jibu lake ni zito kuliko lionekanavyo. Anayehesabu panya wa msitu leo ataka kulinganisha hesabu yake na ya wale waliohesabu miaka sitini iliyopita, na iwapo mlango ni mpana zaidi au waya ni mzito zaidi, atakuwa amenasa panya wa namna nyingine, na ulinganisho wote ukabatilika. Mtego ni kipimo, kama pishi na kibaba. Ukibadilisha kibaba, huwezi tena kujua kama mavuno yamepungua. Kwa hiyo anayehuisha mtego wa namna hii hawajibiki kuhuisha jina peke yake, bali vipimo, unene wa bati, na uzito wa mguso unaoangusha mlango.

Na jambo hili Morogoro walijua. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine, chini ya milima yetu ya Uluguru, kuna kiwanja cha hekta 3 ambamo tangu mwaka 1994 visanduku 300 hutegwa kila mwezi kwa usiku tatu mfululizo, umbali wa mita 10 baina ya kimoja na kingine, chambo chake siagi ya karanga iliyochanganywa na unga wa mahindi. Panya hunaswa, hutiwa alama, huachiliwa. Mlengwa mkuu ni panya shamba, ambaye jike lake huzaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo, na ambaye mvua za mwanzo wa msimu zikinyesha kwa wingi, huongezeka hata akafukua mbegu ya mahindi kabla haijachipua. Ila visanduku vyenyewe ni vya kampuni ya Sherman, vya Florida, Marekani. Mji wetu wa Morogoro uliwahi kukopeshewa fedha za Benki ya Dunia ukajengewa kiwanda cha viatu, eti viatu vikauzwe Ulaya, kikashindwa na kufungwa. Lakini sanduku la bati lenye mlango wa kuanguka, ambalo chuo kinalihitaji na mkulima wa kijiji cha Kinole analihitaji, hakuna aliyemwagiza fundi bati wa mjini alitengeneze kwa vipimo vilivyothibitishwa. Naamini aweza.

Niliyaeleza haya kwa binti yangu, naye akachukua alichokitaka. Alichokitaka ni Magawa, panya buku aliyezaliwa na kufunzwa Morogoro na shirika la APOPO, akapelekwa Kambodia kunusa mabomu ya ardhini, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na PDSA, jumuiya ya hapa hapa Uingereza ya kutibu wanyama. Akaibandika picha yake jikoni. Mdogo wake akauliza kama Magawa alikuwa na nyumba yenye nyasi, na siku mbili hizi hakuna boksi la viatu lililosalimika, yote yamekuwa milango na vyumba, na soksi zangu za kazini zimekuwa matandiko.

Jumapili tulimpigia babu yao. Binti akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akamsimulia mtego wa Abingdon toka mwanzo hadi mwisho, kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, huku mdogo wake akimsahihisha. Babu alisikiliza muda mrefu. Akataka kujua urefu wa njia. Binti akaweka kiganja kwenye boksi, akahesabu, akamtajia kwa vidole. Babu akauliza tena kama ni vidole vyake mtoto au vya mtu mzima, na mlango waangukia ndani au nje, kwa maana siku ya gulio atashuka nacho kipimo hicho kwa fundi.