Chumvi na Mizani ya Mwili



Tura, katika mkoa wa Tabora, lilikuwa jina la faraja kwa wapagazi wa zamani. Misafara itokayo pwani ilikata kwanza Mgunda Mkali, nyika yenye shida ya maji baina ya Ugogo na Unyamwezi, ndipo ikafika Tura. Burton na Speke walipita humo mwaka 1857. Mpagazi aliyetoka jasho siku nyingi hakupoteza maji tu, bali na chumvi pia. Natuitazame basi hekima ya chumvi.

Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo mno, kila moja ikizungukwa na utando. Chumvi iyeyukapo hugawanyika ikawa ayoni, yaani punje zenye umeme. Ayoni za sodiamu ni nyingi nje ya chembe, na za potasiamu ni nyingi ndani. Katika utando mna pampu ambayo kila mara hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2. Jens Skou wa Denmark aliieleza mwaka 1957, akatunukiwa Nobel mwaka 1997. Potasiamu kidogo huvuja nje, ndani hubaki umeme hasi, na umeme huo huizuia potasiamu isizidi kutoka. Hiyo ndiyo mizani ambayo kwayo moyo hupiga na mishipa ya fahamu hupeleka habari.

Mtoto aharishapo, maji na chumvi humtoka pamoja, na mizani huyumba. Sisi tufundishao chuoni twasikia wazazi wakisema, "Asinywe, tumbo litafunga." Hilo ni kosa la khatari. Maji matupu nayo hayatoshi, kwani hayarudishi chumvi. Katika utumbo, sodiamu huingia ndani ya chembe pamoja na sukari, na maji huzifuata. Basi sukari ya dawa hii si ya utamu. Ni ya kufungua mlango.

Paketi za dawa hiyo, zenye potasiamu pia, hupatikana katika zahanati. Zikikosekana, twaa lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko cha chai, vipimo vyote viwe sawasawa bila kilima. Usizidishe chumvi, kwani yadhuru. Mpe kidogo kidogo, na asiachishwe kunyonya. Akilegea, macho yakididimia, au akishindwa kunywa, apelekwe hospitali mara moja.

Mwenyezi Mungu ameweka mizani hata katika chembe isiyoonekana kwa macho. Kuilinda kwa watoto wetu ni amana tuliyopewa. Wabillahi tawfiq.