Sura ya 7: Kuhamisha Mzizi

Mchai ukishashika udongo wa Kericho hauhamishwi. Makampuni makubwa yalianza kuupanda huko miaka ya 1920, na mchai unaotunzwa vizuri huweza kuchumwa miaka mia moja bila kung'olewa. Mti wa kompyuta hauna ukaidi huo. Mzizi wake ni nodi yoyote utakayoiteua leo, na kesho unaweza kuteua nyingine. Sura hii inaeleza jinsi ya kuuhamisha, na ni wakati gani usithubutu.

Barabara saba, mti mmoja

Tuchukue miji saba ya Kericho na Bomet. Kutoka Kericho mjini unashuka kusini hadi Litein, kisha Kapkatet, kisha Kaplong. Hapo Kaplong ni njia panda: mkono mmoja unakwenda Sotik, mwingine Bomet, na kutoka Bomet unaendelea hadi Longisa. Zipo barabara nyingine nyingi za mashambani, lakini tunaziacha kwa sababu zinafunga mizunguko, na mti hauna mzunguko. Kati ya nodi zake mbili zozote ipo njia moja tu. Ndiyo maana miji saba inaunganishwa na viungo sita, si zaidi wala si pungufu.

Mpaka hapo mti hauna mzizi. Mzizi huingia pale programu inapoamua kuhifadhi, kwa kila nodi, jina la mzazi wake, yaani jirani aliye upande wa mzizi. Tukiteua Kericho, kumbukumbu inasomeka hivi:

Litein → Kericho
Kapkatet → Litein
Kaplong → Kapkatet
Sotik → Kaplong
Bomet → Kaplong
Longisa → Bomet

Mwanahisabati Mwingereza Arthur Cayley aliandika mwaka 1889 kuhusu idadi ya miti inayoweza kujengwa kwa nodi zenye majina. Kwa nodi saba ipo miti 16,807. Ukihesabu na mzizi, inakuwa 117,649, mara saba kamili. Kila mti, basi, unaweza kutazamwa kutoka sehemu saba, na mti wenyewe ukabaki uleule.

Zoezi lenyewe

Sasa msimamizi wa malori ameketi Bomet na anataka mti uanzie kwake. Anayeanza kujifunza hushawishika kubomoa kumbukumbu yote na kuijenga upya. Asiharakishe. Longisa bado iko nyuma ya Bomet, na Sotik bado inafikiwa kupitia Kaplong. Kinachogeuka ni viungo vilivyo kwenye njia kati ya mzizi wa zamani na mpya tu: vinne kati ya sita.

nyuma = tupu
sasa = Bomet
maadamu sasa si tupu:
    mbele = mzazi[sasa]
    mzazi[sasa] = nyuma
    nyuma = sasa
    sasa = mbele

Mstari unaobeba zoezi zima ni ule wa "mbele". Ukiandika kwamba Bomet haina mzazi kabla ya kuweka jina la Kaplong pembeni, umekata njia uliyokusudia kuipita. Kwa mpangilio sahihi, Kaplong inapata mzazi Bomet, Kapkatet inapata Kaplong, Litein inapata Kapkatet, na Kericho, iliyokuwa mzizi, inapata Litein.

Gharama inategemea umbali wa mzizi mpya kutoka ule wa zamani, si ukubwa wa mti. Kwa miti mirefu sana hata hiyo huwa nyingi. Mwaka 1983 Daniel Sleator na Robert Tarjan walichapisha muundo wa data ambamo kazi hii, ikirudiwa mara nyingi, hugharimu kwa wastani kiasi cha logi ya idadi ya nodi.

Yapo mambo mawili ya kuangalia. Iwapo kila mzazi ana orodha ya watoto, nayo irekebishwe: Kaplong iiondoe Bomet kwenye orodha yake, na Bomet iiongeze Kaplong kwenye yake. Na mtu akiomba mzizi uwe Nandi Hills, ambayo haimo kwenye mti wetu, programu iseme haimo. Isimrudishie mti mtupu.

Bohari iwekwe wapi?

Tuseme tunatafuta mji wa kuweka bohari ya mbolea ya wakulima, na kila kiungo tunakihesabu hatua moja. Kutoka Kericho, jumla ya hatua hadi miji mingine yote ni 19. Je, turudie hesabu kwa kila mji? Hapana. Mzizi ukisogea kutoka Kericho hadi Litein, miji sita inakaribia kwa hatua moja na mmoja unajitenga kwa hatua moja: 19 − 6 + 1 = 14. Kapkatet: 14 − 5 + 2 = 11. Kaplong: 11 − 4 + 3 = 10. Ukivuka hapo, jumla inapanda tena: Bomet 13, Sotik 15. Bohari iende Kaplong. Kwa mti wa nodi milioni moja, mbinu hii inakuokoa na karibu hesabu milioni moja zilizo kamili.

Mti usiogeuzwa

Yote haya yanafaa kwa sababu barabara ya Kaplong hadi Bomet ndiyo ya Bomet hadi Kaplong. Viungo vingine havina usawa huo. Miche ya chai ya zambarau, TRFK 306, iliyotokana na utafiti wa Kericho, huoteshwa kwa vipandikizi kutoka kwa mti mama. Ukihifadhi ukoo huo na kuuhamishia mzizi kwenye mche wa kitaluni, programu itadai kwamba mama amezaliwa na mwanawe. Dawa yake ni kutenganisha mambo mawili: sehemu moja ya kumbukumbu ihifadhi jirani wa upande wa mzizi, ambaye hubadilika, nyingine ihifadhi asili, ambayo haiguswi.

Mazoezi

1. Tumia kanuni ya bohari kupata jumla ya Longisa, kisha ihakiki kwa kuhesabu moja kwa moja.
2. Ongeza Mulot baada ya Longisa. Je, Kaplong bado inashinda?
3. Badala ya hatua, tumia kilomita. Ni sehemu gani ya kanuni inayobadilika?