Bunduki kuukuu na risasi mpya: Macho na mikono hatarini

Je, bunduki aliyoacha babu inaweza kufyatua risasi iliyotoka kiwandani juzi? Katika Garissa na Kaskazini Mashariki kwa jumla, swali hili si la makumbusho. Huko silaha imekuwa ya kulinda mifugo na visima kwa muda mrefu, na kwa miaka mingi polisi wa akiba wa Kenya walikabidhiwa bunduki za Lee-Enfield za .303, aina iliyoanza kutumiwa na jeshi la Uingereza mwaka 1895.

Jibu fupi ni kwamba usijaribu. Lakini msomaji anastahili kujua sababu, kwani wengi huamini kuwa risasi ikishaingia, basi inafaa.

Tutazame bunduki za marisawa. Zile za kale zilitengenezewa baruti nyeusi. Mitutu mingine, iitwayo ya Damascus, ilifanywa kwa kusokota vipande vya chuma na kuviunganisha kwa moto, ndiyo maana ina maua maua ya kupendeza. Mabaki ya baruti nyeusi hunyonya unyevu na kula chuma kwa ndani. Nje mtutu hung'aa, ndani ni kama jino lililooza.

Kuna mtego mwingine. Bunduki nyingi za zamani za Uingereza zina chemba ya milimita 65, ilhali risasi za kawaida za leo ni za milimita 70. Urefu huo hupimwa ganda likiwa limefunguka baada ya kufyatuliwa. Kabla ya hapo ganda limekunjwa mdomo, hivyo huingia bila shida yoyote! Likifyatuliwa, mdomo wake hukosa nafasi ya kufunguka, na shinikizo hupanda ndani ya chuma kilichochoka.

Ni kweli kwamba zipo bunduki kongwe zilizopimwa kwa baruti ya kisasa na kupigwa mhuri London au Birmingham. Hata hivyo mhuri huo husema bunduki ilivyokuwa siku ile, si baada ya miaka sitini ya kutu. Ni fundi wa bunduki tu, kwa vipimo vyake, awezaye kusema lolote. Na kule kusema "mbona jana ilifyatua vizuri" si kipimo, kwa maana chuma huweza kuvumilia mara kumi kikapasuka mara ya kumi na moja.

Kwa .303, hatari hutokea pale komeo linapolegea kwa uchakavu. Ganda hupasuka kwa nyuma na gesi ya moto humrudia mfyatuaji usoni. Usithubutu pia kutia risasi ya aina nyingine kwa sababu tu unene wake unakaribiana.

Mtutu ukipasuka, mkono ulioushika ndio huumia kwanza, kisha macho. Huduma ya kwanza ni hii. Bandika kitambaa safi juu ya jeraha la mkono na ukandamize kwa nguvu. Kidole kilichokatika kifunge katika kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki, kisha mfuko huo uuweke juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu.

Jicho usilisugue, usilikandamize, wala usitie maziwa au dawa ya miti shamba. Kipande cha chuma kilichozama usikitoe. Lifunike jicho kwa kikombe safi na umkimbize mgonjwa hospitali. Aliye malishoni mbali na Hospitali ya Rufaa ya Garissa asingoje kesho eti kwa sababu maumivu yamepungua. Mwambie daktari ni lini alidungwa sindano ya pepopunda mara ya mwisho.

Kumiliki bunduki bila cheti ni kosa chini ya Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114. Anayeikuta katika mali ya marehemu asiifyatue kuijaribu. Awapashe polisi habari kwanza, kabla ya kuibeba barabarani.

Na masikio je? Mlio wa bunduki hupita desibeli 140, kiasi kinachoweza kuharibu usikivu kwa mpigo mmoja. Kijana anayesikia mvumo masikioni siku kadhaa baada ya kufyatua anahitaji kupimwa, hata kama bunduki yake haikupasuka.