Je, Wajua? Kanzidata inayoishi ndani ya simu, na siri za kasi yake

Je, wajua kwamba mwaka 2000, ule ambao Mgodi wa Dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji, ndipo pia ilipotoka SQLite, kanzidata iliyomo leo katika karibu kila simu janja inayopita barabara ya Kahama kwenda Geita? Aliyeiandika ni Mmarekani D. Richard Hipp, wakati akitengeneza programu ya kutumika kwenye manowari ya jeshi la nchi yake. Kilichomsumbua ni kwamba seva ya kanzidata ilipolala, programu nzima ililala nayo. Akaamua kuiondoa seva. Kanzidata ikawa sehemu ya programu yenyewe, na data yote ikakaa kwenye faili moja.

Je, wajua kwamba haina mwenyewe? Hipp aliitoa iwe mali ya umma. Benki kubwa na kijana anayejifunza kuandika programu Kahama wanaitumia kwa haki ileile, bila kulipa senti.

Je, wajua kwamba ujumbe wako wa WhatsApp kwenye simu ya Android umehifadhiwa ndani ya SQLite?

Je, wajua kwamba Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, iliyotuhesabu Watanzania 61,741,120, ndiyo ya kwanza nchini kutumia vishikwambi? Karani aliyeko kijijini hawezi kusimama akisubiri mtandao urudi kila anapomaliza kaya moja. Data lazima itue kwanza ndani ya kifaa, kisha isafirishwe baadaye. CSPro, programu ya Idara ya Sensa ya Marekani inayotumiwa na ofisi nyingi za takwimu duniani, huweka rekodi zake kwenye faili ambalo kwa ndani ni SQLite.

Je, wajua kwamba kazi nzito kwa kanzidata ya aina hii si kuandika, bali kuhakikisha kilichoandikwa kimefika kweli kwenye diski? Hapa ndipo penye kiini cha kasi yote, kwa hiyo tukae kidogo. Kila muamala unapofungwa, kanzidata huiambia diski: thibitisha, nami nasubiri. Kwenye diski ya kuzunguka, ile ya mizunguko 7,200 kwa dakika, kusubiri huko huruhusu miamala kama 60 tu kwa sekunde. Kompyuta hiyohiyo inaweza kuingiza rekodi 50,000 au zaidi kwa sekunde zikiwa ndani ya muamala mmoja. Chukua rekodi 3,000 za mauzo ya dhahabu. Ukizifungia moja moja utangoja sekunde 50 hivi. Ukizifunga pamoja, zimeshaingia kabla hujainua kidole. Hakuna mchimbaji anayepeleka karashani jiwe moja moja. Husubiri mfuko ujae. Simu haina diski ya kuzunguka, lakini kuthibitisha kuna gharama humo pia, na dawa ni ileile: anza muamala, ingiza zote, kisha funga.

Je, wajua kwamba mwaka 2010, Bunge lilipopitisha Sheria mpya ya Madini na mgodi wa Buzwagi ukiwa na mwaka mmoja tu wa uzalishaji, SQLite ilipata mtindo mpya wa kuandika uitwao WAL? Badala ya kugusa faili kuu moja kwa moja, mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni, kisha huhamishiwa kwenye faili kuu kila kurasa zikifika kama 1,000. Faida yake ni kwamba anayesoma hamzuii anayeandika, na anayeandika hamzuii anayesoma. Amri yenyewe ni fupi, PRAGMA journal_mode=WAL, na ukiitoa mara moja faili hulikumbuka hilo hata baada ya kufungwa. Waandishi wawili kwa wakati mmoja bado hawaruhusiwi.

Je, wajua kwamba huyo mwandishi wa pili, usipompangia muda wa kusubiri, hurudishwa papo hapo na ujumbe kwamba kanzidata imefungwa? Muda wa kawaida wa kusubiri ni sifuri. Weka PRAGMA busy_timeout=5000, atangoja hadi sekunde tano, na malalamiko mengi ya watumiaji yataisha.

Je, wajua kwamba kuna amri ya kuzima kabisa ule uthibitisho wa diski, na kwamba watu huisifia kwa kasi yake? Ni synchronous=OFF. Mimi siwezi kuishauri kwa kazi yoyote yenye fedha au afya za watu. Umeme ukikatika, au betri ikiisha kishikwambi kikiwa katikati ya kuandika, faili zima linaweza kuharibika. Ukiwa kwenye WAL, chagua NORMAL: umeme ukikatika unaweza kupoteza miamala ya mwisho mwisho, lakini faili halivunjiki. Na kama hata muamala mmoja haustahili kupotea, kama ule wa gramu za mchimbaji mdogo zilizokwisha kupimwa na kulipiwa, baki na FULL na uvumilie kusubiri.

Je, wajua kwamba faharasa moja iliyopangwa vizuri hushinda simu mpya ya bei ghali? Tuseme jedwali la manunuzi la duka lililoko soko la madini Kahama lina rekodi 100,000, na muuzaji anataka kujua alileta nini mwezi uliopita. Bila faharasa, zote 100,000 zitasomwa. Ukiwa na faharasa ya namba ya leseni na tarehe, kwa mpangilio huo, kurasa chache zinatosha. Lakini mpangilio una maana yake: faharasa hiyo itamsaidia anayetafuta kwa leseni, au kwa leseni na tarehe, wala haitamfaa sana anayetafuta kwa tarehe peke yake. Tanguliza EXPLAIN QUERY PLAN mbele ya swali lako. Jibu likianza na SCAN, jedwali au faharasa inapitiwa yote. Likianza na SEARCH, kanzidata inakwenda moja kwa moja panapohusika.

Je, wajua kwamba unaweza kuwa na faharasa na bado isitumike? Ukikata tarehe ili kupata mwaka, halafu ukalinganisha na 2024, faharasa ya tarehe imekwisha kazi. Uliza badala yake tarehe kuanzia 2024-01-01 na kabla ya 2025-01-01.

Je, wajua kwamba kila faharasa ya ziada hupunguza kasi ya kuandika? Kila rekodi mpya lazima iingizwe katika kila faharasa. Futa zile zisizoulizwa na mtu.

Je, wajua kwamba ukubwa wa kawaida wa ukurasa ni baiti 4,096 tangu 2016, na kumbukumbu ya muda inayotengwa ni kama megabaiti mbili tu? Kwenye kompyuta ya ofisi, kuiongeza ni jambo la mstari mmoja.

Je, wajua kwamba anayenakili faili kuu pekee kwenye flashi, programu ikiwa bado inafanya kazi kwa mtindo wa WAL, anaweza kuondoka bila mauzo ya asubuhi hiyo? Bado yapo kwenye faili la pembeni. Tangu 2019 kuna amri ya VACUUM INTO, inayotoa nakala moja kamili, iliyobanwa vizuri, huku kazi ikiendelea. Kwa duka linalofunga hesabu jioni, amri hiyo ikipangwa ijiendeshe yenyewe, flashi itabeba siku nzima.